"Batoto balimupigia firimbi": neno moja la Kiingereza na kicheko chetu darasani



Makala hii ni deni. Naiandika kwa sababu nilicheka siku ambayo sikupaswa kucheka, na kwa sababu niligundua baadaye, nikiwa peke yangu maktabani, kwamba niliyemcheka ndiye aliyekuwa karibu na ukweli kuliko darasa zima.

Mambo yalikuwa hivi. Katika TP ya tafsiri tulipewa sentensi 10 za Kiingereza tuzigeuze kwa Kiswahili. Sentensi ya saba ilisimulia kisa kidogo: mhubiri ameanguka kutoka juu ya punda, na watoto wa mtaa "flouted him". Faharasa iliyo mwishoni mwa silabusi yetu inalipa neno "flout" maana moja tu: kukiuka sheria kwa makusudi. Kwa hiyo wengi wetu tuliandika kwamba watoto walikiuka sheria ya mhubiri, au walivunja amri zake. Mimi niliandika "walimvunjia sheria". Hakuna aliyejiuliza ni sheria gani mtu anaweza kuwa nayo akiwa amelala chini, vumbi mdomoni, punda akimwangalia.

Mwenzetu mmoja aliyekulia katika miji ya migodi ya Katanga alisimama akasoma yake: "Batoto balimupigia firimbi." Darasa likaangua kicheko. Tulicheka mara mbili. Kwanza tulicheka ile "batoto" na ile "balimu-", kana kwamba hakuna hata mmoja wetu anayesema hivyo nyumbani kwao. Kisha tulicheka ile firimbi: imetoka wapi? Katika sentensi hakuna firimbi. Yeye alijaribu kueleza kwamba kwao, mtu akiaibika mbele ya watu, watoto humpigia firimbi kwa midomo mpaka akimbie. Hakumaliza. Mmoja nyuma alipiga mluzi, nasi tukacheka mara ya tatu. Kazi yake ilirudi na alama 4 kwa 10. Yangu ilipata 7.

Tangu siku ile hakusoma tena kwa sauti. Akiulizwa, alijibu kwa Kifaransa. Muhula ulipoisha alihamia Idara ya Kifaransa. Sisi wa lugha za Kiafrika tulikuwa 11, leo tuko 10.

Neno lenyewe

Nililitafuta neno "flout" kwa sababu nyingine kabisa: naandaa kazi ya kumalizia masomo juu ya maneno yanayobadili maana. Kamusi za asili ya maneno ya Kiingereza zinaonyesha kwamba neno hili linaonekana katika maandishi katikati ya karne ya 16, na maana yake ya kwanza haina uhusiano na sheria. Lilikuwa na maana ya kumdhihaki mtu, kumfanyia mzaha mbele ya wengine. Na chanzo chake, kwa maoni ya wataalamu wengi, huenda ni kitenzi cha Kiingereza cha zamani za kati chenye maana ya kupiga filimbi, ndugu wa neno "flute".

Nilisoma mstari huo mara mbili. Nikafunga kamusi.

Wanaosema hivyo wana ushahidi wa jirani. Kiholanzi, lugha iliyoletwa hapa kwetu na baadhi ya Wabelgiji pamoja na Kifaransa chao, kina kitenzi "fluiten", yaani kupiga filimbi au mluzi, na kutoka hapo "uitfluiten", kumzomea mtu kwa miluzi. Sisi wenyewe tunaosoma Kifaransa tunajua "siffler": mwigizaji mbovu "anapigwa mluzi" na watazamaji mpaka aondoke jukwaani. Kwa hiyo njia kutoka kwenye midomo inayopuliza hadi kwenye dhihaka ni njia iliyokanyagwa na lugha nyingi, tena bila kuazimana. Mtoto wa Kolwezi hakuhitaji kusoma Kiholanzi ili aijue. Aliijua kwa sababu ameona watu wakifanya hivyo.

Basi mwenzetu hakukosea maana. Alikuwa na maana ya kale, ile ambayo sentensi ilihitaji. Sisi tulikuwa na maana ya leo, tukailazimisha mahali pasipo pake.

Kutoka kwa mtu kwenda kwa sheria

Neno lilifikaje kwenye sheria? Hapa ndipo penye faida kwa mwanafunzi wa semantiki.

Katika tamthilia za Shakespeare, mwishoni mwa karne ya 16, anayefanyiwa "flout" kwa kawaida ni mtu: msichana anayedhani wanaume wanamchezea, bwana anayehisi mtumishi wake anamfanyia dhihaka, mwenzi anayechokozwa. Lakini tayari katika Macbeth neno hilo linatumika kwa bendera za adui zinazopepea angani, kana kwamba zinaifanyia dharau mbingu yenyewe. Bendera haina midomo wala mluzi. Kilichobaki ni kule kujionyesha mbele ya mwenye nchi bila hofu. Ukishafika hapo, hatua ya kwenda kwenye sheria ni fupi: anayevunja amri mchana kweupe, mwenye amri akitazama, ni kama anampigia mluzi.

Leo Mwingereza akisema kwamba kampuni "flouts" sheria, hasemi tu kwamba inaivunja. Mwizi wa usiku anavunja sheria, lakini hai-"flout" kwa sababu anajificha. Neno linadai uwazi na kutojali aibu. Zaidi ya miaka 400 imepita, filimbi imesahauliwa, mhubiri na punda wake wamesahauliwa, lakini umati unaotazama bado umo ndani ya neno. Ndiyo maana hata wenyeji wa Kiingereza wengi huchanganya "flout" na "flaunt", kujionyesha kwa majivuno, na walimu wao huwasahihisha kila mwaka. Kosa hilo linafahamika, maana maneno yote mawili yanahitaji macho ya watu.

Kifaransa chetu kimepita njia ileile na neno "bafouer". Karne ya 16 lilikuwa kumdhihaki mtu, kumfanya kichekesho. Leo tunalisikia redioni karibu kila juma: haki zimekuwa "bafoués", katiba imekuwa "bafouée". Tunalitafsiri kwa "kukiukwa", na katika tafsiri hiyo kuna kitu kinachopotea. Haki iliyokiukwa imerukwa. Haki iliyokuwa "bafouée" imerukwa na kuchekwa.

Na Kiswahili? Kina njia hiyo pia, ila hatukuiona kwa sababu macho yetu yalikuwa kwenye faharasa. Mahakamani Kenya na Tanzania kuna kosa linaloitwa kudharau mahakama. Kudharau ni jambo unalomfanyia mtu: unamwona si kitu na unamwonyesha hivyo. Ukilihamishia kwa mahakama, unapata karibu kila kilichomo katika "flout": amri, uwazi, na uso usio na haya. Hivyo kwa maana ya leo, "kuidharau sheria" ingefaa kuliko "kuikiuka". Na kwa maana ya kale, "kumpigia mluzi" au "kumzomea". Neno moja, tafsiri mbili, kutegemea nani amefanyiwa nini mbele ya nani. Faharasa yetu inatoa tafsiri moja, na katika sentensi ya saba ni ile isiyofaa.

Dhihaka ina viungo vya mwili

Nikitazama maneno ya Kiswahili ya eneo hili la maana, naona kwamba hatuyapi heshima yake. Tunayafundisha kama visawe: dhihaka, kejeli, mzaha, kebehi, stihizai, dharau. Tunayapanga katika mstari mmoja na kuweka mkato kati yake, kana kwamba mtu anaweza kuchomoa lolote bila kutazama.

Lakini kila neno lina kazi yake. Dhihaka linatoka katika mzizi wa Kiarabu wa kucheka, kwa hiyo kicheko kimo ndani yake hata tusipokisikia. Mzaha asili yake ni utani, na unaweza kuisha kwa amani. Kejeli hukaa kwenye maneno: unasema jambo na kumaanisha kinyume chake. Kuzomea hakufanywi na mtu mmoja, kunahitaji kundi na sauti. Kusimanga ni kumtajia mtu wema uliomtendea ili ajione mdogo. Kusuta ni kumkabili mtu uso kwa uso na kumwaibisha hadharani kwa uongo au umbea wake. Kubetua midomo, kufyonya, kukata jicho: hapa hakuna neno linalotamkwa hata moja, na aliyefanyiwa ameelewa yote.

Huku kwetu mashariki mwa Kongo tunayo yetu pia. Tunasema kumuchekelea mutu, na kiambishi kile cha kutendea kinafanya kazi kubwa: kucheka ni kwako, lakini kumchekelea mtu ni kumtupia kicheko chako mwilini. Tunasema kuzarau, kwa z, wala hakuna mama sokoni Kadutu anayeona kwamba dharau yake imepungua makali kwa kukosa dh. Lakini ni wapi yamekusanywa? Katika silabusi zetu sijayaona. Mwenzetu alikuwa amekuja na ingizo la kamusi mdomoni, pamoja na maelezo ya matumizi, mahali na umri wa watumiaji. Mwanaisimu yeyote wa nyanjani angetoa daftari. Sisi tulipiga mluzi.

Mzaha ambao tayari umeandikwa

Ninaloliona la kuuma zaidi ni hili. Katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo The Merry Wives of Windsor kuna mchungaji kutoka Wales, Hugh Evans, na daktari Mfaransa, Caius. Wote wawili wanasema Kiingereza chenye lafudhi ya kwao, na mwandishi ameiandika lafudhi hiyo herufi kwa herufi ili watazamaji wacheke. Mwenye nyumba ya wageni anawapanga wapigane, kisha anamtuma kila mmoja mahali pake ili wasikutane. Shabaha yake ni kufurahia: viungo vyao vibaki vizima, wanachokikatakata kiwe Kiingereza tu. Evans anapotambua kwamba wamechezewa, analalamika kwamba wamefanywa kitu cha kuchekwa, na neno analotumia ni lilelile letu, ila kwa lafudhi yake: "vlouting-stog".

Fikirini hali hiyo. Mtu analalamika kwamba anadhihakiwa, kwa kutumia neno lenyewe la dhihaka, na watu wanacheka zaidi kwa sababu ya jinsi anavyolitamka. Malalamiko yake hayasikiki kwa sababu ya matamshi yake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu siku ile. Mwenzetu alikuwa anatueleza watoto wanavyomfanya mtu aliyeanguka, nasi tukamfanya hivyohivyo kabla hajamaliza.

Mfano wa pili ni wa zamani zaidi. Katika hadithi ya Msimamizi ndani ya The Canterbury Tales, Chaucer, mwishoni mwa karne ya 14, anaeleza juu ya wanafunzi wawili wa Cambridge waliotoka kaskazini ya mbali. Wanakwenda kusagisha nafaka kwa mwenye kinu mwizi. Mwenye kinu anawadharau pamoja na elimu yao. Chaucer ameandika usemi wao wa kaskazini kwa makusudi, na J.R.R. Tolkien, ambaye alikuwa mwalimu wa filolojia kabla ya kujulikana kwa riwaya zake, alichapisha mwaka 1934 uchunguzi mrefu juu ya jambo hilo. Katika hadithi hiyohiyo, mke wa mwenye kinu anaelezwa kuwa amejaa "hoker" na "bisemare", maneno mawili ya kale ya Kiingereza yenye maana ya dharau na dhihaka. Maneno hayo mawili yamekufa. Mwingereza wa leo hayaelewi bila kamusi.

Lakini moja ya alama za usemi wa wanafunzi wale haikufa. Kitenzi cha nafsi ya tatu umoja kilikuwa na mwisho "-eth" kwa watu wa London wa wakati wa Chaucer. Watu wa kaskazini walitumia "-s". Wasomaji wa London walipouona mwisho huo waliona ushamba. Leo "-s" ndiyo kanuni ya Kiingereza duniani kote, na mwanafunzi wa Kongo anayesahau kuiweka anakatwa alama. Wenye kucheka walikufa pamoja na maneno yao ya kuchekea, na kilichochekwa kimekuwa sarufi.

Sisemi kwamba "batoto" itakuwa Kiswahili sanifu baada ya miaka 500. Sijui, wala si hoja yangu. Nasema tu kwamba kicheko hakijawahi kuwa kipimo cha sarufi.

Juu ya usanifu

Najua jibu litakalokuja, na ni jibu la haki: TP iliagiza Kiswahili sanifu. Mwalimu ana wajibu wa kufundisha sanifu, na mwanafunzi wa lugha ana wajibu wa kuijua. Nakubali kabisa. Mtu anayetaka kuchapisha Nairobi au kufundisha Dar es Salaam hawezi kukaa na sarufi ya mtaani kwao peke yake.

Lakini tukumbuke sanifu hiyo ilitoka wapi. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua Kiunguja, lahaja ya mji wa Zanzibar, iwe msingi. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo haikuwamo. Uchaguzi ulikuwa na sababu zake nzuri na umetupatia lugha moja ya vitabu. Lakini ulikuwa uchaguzi wa watu mezani, haukuwa hukumu kwamba wengine wote wanasema vibaya.

Na ile "ba-" iliyotuchekesha? Katika Kiswahili cha Katanga imeingia kutokana na kuishi pamoja na lugha kama Kiluba na Kibemba. Ni kiambishi kilekile ambacho wataalamu wanakirudisha hadi Kibantu cha awali, na ambacho sisi tunakiandika ubaoni kila siku ya Mungu katika jina la masomo yetu wenyewe: lugha za Kibantu. Tunaichora kwa chaki kwa heshima, halafu tunaicheka mdomoni mwa mwenzetu.

Hata jina Kingwana, ambalo baadhi yetu hulitumia kwa kubetua midomo wakitaka kusema Kiswahili kibovu cha Kongo, ndani yake mmekaa uungwana. Nalo pia limepita njia ya dhihaka, ila kwa kurudi nyuma: jina la heshima limekuwa la kuchekea.

Kuna tofauti kati ya kusahihisha na kuzomea, na si tofauti ya upole tu. Anayesahihisha anakuonyesha njia: andika "walimpigia", kwa sababu hii na hii. Anayezomea anakwambia tu kwamba uko nje. Baada ya kusahihishwa unajua jambo jipya. Baada ya kuzomewa unajua kunyamaza. Mwenzetu amejua kunyamaza, kwa Kiswahili angalau. Na mimi niliyecheka, nyumbani Bukavu nasema "batu banakuya" tangu asubuhi hadi usiku. Mama yangu hasemi vingine. Wahenga walisema mcheka kilema hafi bila kumfika, lakini mimi kilema changu nilikuwa nacho tayari, nilikificha tu kwenye begi pamoja na silabusi.

Ninachopendekeza

Sitaki makala hii iishie kwenye majuto, maana majuto hayabadilishi faharasa. Napendekeza mambo matatu, na yote yanaweza kuanza muhula ujao bila bajeti.

La kwanza, faharasa za silabusi zetu ziache desturi ya neno moja kwa neno moja. Kwa maneno ya eneo hili hasa, kila ingizo lijibu maswali manne: nani anafanya, kwa nani au kwa kitu gani, kwa kiungo gani cha mwili, na mbele ya nani. Kwa "flout" ingizo halitazidi mistari mitano. Mistari mitano ingetuokoa na mhubiri mwenye sheria zake chini ya punda.

La pili, kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akusanye kutoka mji wa kwao maneno na ishara 10 za dhihaka, pamoja na maelezo ya nani huzitumia. Tunao wanafunzi wa Bukavu, Goma, Uvira, Kalemie, Kindu, Kisangani, Lubumbashi na Kolwezi. Katiba ya mwaka 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba cha Kasai, yaani Tshiluba. Haikutaja Kiswahili cha Unguja peke yake. Miaka mitatu ya kazi hiyo itatupatia mkusanyo wetu wenyewe. Tukichelewa, maneno haya yatakwenda njia ya "hoker" na "bisemare", na hayatakuwa na Chaucer wa kuyahifadhi.

La tatu, TP za tafsiri zisahihishwe kwa alama mbili tofauti: moja ya maana, nyingine ya usanifu. Aliyepata maana kwa Kiswahili cha kwao apewe alama zake za maana, na kando yake aonyeshwe umbo la sanifu. Aliyeandika sanifu safi isiyo na maana, kama mimi na "walimvunjia sheria" yangu, asipewe 7.

Juma lililopita nilimtafuta mwenzetu. Nilimkuta kwenye ngazi za jengo, na kitabu cha Kifaransa mkononi. Nilimwonyesha nakala ya ukurasa wa kamusi, nikamwomba radhi. Alisoma polepole, mpaka kwenye lile neno la filimbi. Hakucheka wala hakushangaa. Aliniuliza, kwa Kifaransa, kama zile alama zake zitarudishwa.

Sikuwa na jibu, kwa hiyo naliweka swali lake hapa, mbele ya kitivo kizima, kwa lugha ambayo alilazimika kuiacha.